Niliona Magunia Manne, Nikamnyima Mama Sabina Nyumba

Kosa ni langu. Nianze na hilo kabla moyo haujageuka nikaanza kutafuta mtu mwingine wa kumtupia. Kuna mama alikuwa apate msaada wa kodi ya chumba, na akaukosa kwa sababu ya mdomo wangu. Wala sikusema uongo! Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, nakaa nasimama, nasimama nakaa.

Mimi ni mtu wa hapa Mpanda, darasa la saba tu, mwandiko wangu mnausoma wenyewe. Katika jumuiya yetu, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, nilikuwa katibu. Watu walinipenda kwa sababu sina upendeleo. Nilijivunia hilo. Sana tu, nisifiche.

Mama Sabina alikuwa amepanga chumba kimoja kule Misunkumilo, yeye na mabinti zake wawili. Mume alikwenda machimbo ya dhahabu, mwanzoni akawa anatuma salamu, baadaye kimya. Mama akawa anaishi kwa vibarua vya mashamba ya mpunga. Kodi ikalala miezi mitatu.

Mwenye nyumba akamwambia, "Mama, mwisho wa wiki ijayo nang'oa mlango."

Nimtendee haki yule mzee. Hakuwa mkorofi. Miezi mitatu alivumilia, naye alikuwa na binti wa kumpeleka chuo. Balozi wa nyumba kumi alijaribu kumwombea mama muda, lakini mnajua tangu vyama vingi vije balozi hana sauti kama zamani. Mzee akajibu, "Balozi, wewe utanilipia?" Balozi akaondoka.

Ndipo Mama Sabina akaleta ombi lake jumuiyani. Tulikuwa na mfuko kidogo wa kusaidiana. Karibu wote walikubali, ila Mama Kulwa akanyoosha mkono.

"Mimi simkatai," akasema. "Ila nimepita pale nikaona magunia yamepangwa mpaka juu. Tusije tukamlipia kodi mtu ana stoo."

Mwenyekiti wetu, bibi mmoja mpole, akasema aende mtu akaangalie. Macho yote kwangu!

Mama Kulwa akacheka. "Katibu, huyo si dada yako wa kwenu? Nyie Wapimbwe mkikutana hamwangalii shida, mnaangaliana sura tu!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini jamani, utani ule uliniingia kama mwiba. Ni kweli tulitoka kijiji kimoja na Mama Sabina. Mama zetu walichota maji kisima kimoja, na hapa mjini ndiye mtu pekee niliyekuwa naongea naye Kipimbwe mpaka nikacheka kwa raha. Nikasema moyoni, hawa wataniona. Leo wataona katibu asiye na ndugu.

Nikaenda mchana, peupe, kusudi majirani waone kwamba sina la kuficha. Mama Sabina alikuwa anamenya viazi mlangoni.

"Karibu kaka! Ingia, ingia ndani, kigoda kile pale."

"Hapa hapa panatosha."

"Mlangoni kama mtoza ushuru? Ingia bwana, viazi vinaiva sasa hivi."

Sikuingia. Niliogopa mtu apite aseme katibu amekula kwake ndiyo maana amemsifia. Nikachungulia tu. Kweli, ukutani yalipangwa magunia manne, yamejaa, yameshonwa midomo.

"Magunia haya ni yako?"

"Ni yangu kaka. Nimeyasomba mwenyewe kutoka mashineni, safari nne kwa miguu, kichwani. Shingo hii usiione!" Akacheka.

Kutoka mashineni! Mashine ya kukoboa mpunga, nani hajui kinachotoka pale? Nikaona nimeshapata jibu. Nikaaga. Sabina, yule binti mkubwa aliyekuwa kidato cha pili, akanikimbilia na viazi viwili kwenye sahani. Nikamwambia arudishe.

Kikaoni nilisimama wima. "Nimeona magunia manne yamejaa. Amekiri ni yake, yametoka mashineni." Sikuongeza hata neno. Sikusema ni mchele. Lakini niliwasikia wote wakivuta pumzi, nami nikakaa chini nikawaacha waamini wanachoamini, kwa sababu hata mimi niliamini hivyohivyo. Fedha ikapelekwa kwa mzee mmoja aliyelazwa hospitali. Alistahili yule mzee, sisemi hakustahili.

Mimi ndiye niliyetumwa kumpa Mama Sabina taarifa. Nikamwambia jumuiya imeona wapo wenye shida zaidi. Akanijibu:

"Sawa kaka."

Basi. Hakuuliza kwa nini. Laiti angeuliza! Au laiti mimi ningemwambia sababu, tungemaliza palepale. Nilinyamaza nikidhani ninamsitiri asiaibike.

Mwisho wa wiki ile, Jumamosi, mwenye nyumba akaja na fundi asubuhi, bawaba zikafunguliwa, mlango ukaegemezwa ukutani. Mama mwenye mabinti wawili atalala vipi chumba kisicho na mlango? Akaanza kutoa vyombo nje mwenyewe. Na mbingu nayo ilikuwa imeshakuwa nyeusi upande wa Kakese, mvua ya kwanza ya mwaka.

Mimi nilikwenda kusaidia kubeba. Ndiyo, mimi! Nilijiona mtu mwema.

Nikaingia, kwa mara ya kwanza, nikaenda moja kwa moja kwenye gunia la juu. Nikapanua miguu, nikajikaza mgongo kama mtu anayenyanyua gunia la mpunga, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Nikaanguka chali, gunia juu ya kifua changu, jepesi kama mto wa kulalia!

Watoto waliokuwa wakiangalia walicheka mpaka wakakaa chini. "Katibu kaangushwa na pumba!" Mshono ulikuwa umeachia, na maganda matupu ya mpunga yalikuwa yananimwagikia usoni na shingoni.

"Mama Sabina," nikasema nikiwa bado chini, "hizi ni pumba?"

"Ulidhani nini kaka? Si za kuchomea matofali yangu."

Kumbe pembezoni mwa Misunkumilo alikuwa amepewa kipande cha ardhi na familia moja ya wafugaji aliyoivunia. Mwaka mzima, akitoka kibaruani, alikuwa anafyatua tofali na wanawe. Alishazipanga tanuru tayari. Pale mashineni pumba zinatupwa, ukitaka unazoa bure. Jumamosi ileile ndiyo alikuwa amepata watu wa kumsaidia kuchoma. Alihitaji kusogezewa siku chache tu kwenye kile chumba, achome, ajenge, asiwe mpangaji wa mtu tena.

Mvua ikashuka.

Tulikimbiza magodoro na watoto. Magunia yakabaki nje, yakalowa yote. Tanuru ilikuwa imefunikwa nyasi tu, na mvua hazikupumzika. Jumapili ya pili yake nilikwenda kuziangalia zile tofali. Zilikuwa zimekuwa tope, moja na nyingine hazitofautiani.

Nilijaribu kurekebisha. Nilimfuata mwenye nyumba, chumba kikawa kimeshapata mpangaji mwingine. Nilifuata mfuko wa jumuiya, hauna kitu. Kwangu ni vyumba viwili vya kupanga, watoto watano. Mke wangu alisema, "Walale hata jikoni," lakini Mama Sabina alikataa kwa adabu. Akalala siku mbili kwa mwenyekiti, halafu akahamia Kakese kulinda shamba la mpunga la mtu. Toka Kakese mpaka shule ya Sabina ni mbali. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umebaki wiki chache. Hakuufanya.

Nikasimama jumuiyani nikasema yote. Unajua walinijibu nini? "Katibu, wewe ulisema ulichokiona." Mama Kulwa yeye alilia. Alisema na yeye aliona magunia tu. Wote wakanisamehe kabla sijamaliza kuomba. Msamaha wa namna hiyo hautulizi, unakuwasha kama zile pumba shingoni. Ukatibu nimeuacha, wao wanadhani nimechoka.

Nilipokwenda kijijini na kilo mbili za sukari, mama yangu aliiweka chini, akasema, "Mwenzio akifukuzwa ugenini mama yake ananiuliza mimi wewe ulikuwa wapi. Nimjibu nini?" Sukari ile alimpa jirani mbele yangu.

Kakese nilikwenda, mara moja. Nilimkuta anafukuza ndege. Nilimweleza kwamba ni mimi, nikaeleza na sababu, kwamba niliogopa wataniita mpendeleaji. Alisikiliza huku anarusha mabonge ya udongo. Mwishoni akasema, "Kumbe ndiyo hivyo. Mimi nilidhani mmenichoka." Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Kipimbwe chetu hakuongea, aliniongelesha Kiswahili mwanzo mpaka mwisho kama karani.

Wewe unayesoma, ukitumwa kwenda kuangalia shida ya mtu, usiishie mlangoni. Ingia. Kaa. Shika kitu kwa mkono, uliza ni nini na ni cha kazi gani. Kama kuna la kumnyima, mwambie sababu usoni, ajitetee. Na kama ni ndugu yako, usimfanyie ukali ili wengine wakusifu. Mimi nilifanya hivyo nikauita haki.

Usiogope kusemwa. Kusemwa kunaisha ndani ya wiki moja. Yule mama na mabinti zake bado wako kwenye kibanda cha nyasi cha shamba la mtu, na jana huku kwetu mvua zimeanza tena.