Oya, Msela

Kazi ya kwanza iliyonilisha Durban ilikuwa kutembeza watalii kwa miguu katika mji wa kale wa Wahindi. Mwishoni mwa miaka ya tisini meli zilikuwa zikishusha bandarini watu wa Réunion na Ufaransa wasiojua Kiingereza, na Mhindi mwenye ofisi ya matembezi alihitaji mtu wa Kifaransa. Mkongo kama mimi hakuwa adimu. Niliwapitisha kwenye vichochoro vyenye paa, nikawaonyesha msikiti, maduka ya sari, soko la bizari, na akina mama wauza mizizi na ngozi za nyoka. Mzee mmoja aliniambia ametembezwa miji ya kale ya Morocco na hakupotea kama alivyopotea kwangu. Niliichukua kama sifa.

Nyuma ya kundi alitembea mwenzangu, Mtanzania aliyezamia meli hadi Durban bila tiketi wala karatasi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mgeni hapotei wala haporwi. Kila mtu kwake alikuwa msela, neno ambalo vijana wa Dar walilitoa kwa mabaharia wakalifanya rafiki, mwenzetu. Sisi nasi tulimwita hivyo hivyo, jengo zima tulilopanga South Beach. Neno hilo lilinikera. Mimi baba wa watoto, mtu wa kanisa, niitwe msela mbele ya wageni!

"Weye, uniite hata monsieur," nilimwambia.

"Poa, msela," akajibu.

Jumamosi moja ya joto kali, bibi mmoja wa Réunion alianza kuyumba barabarani. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, vidonge vyake vilikuwa mkobani, na mkoba ameusahau kwenye duka la bizari.

"Bakia na hawa," nikamwambia mwenzangu. "Minarudia sasa hivi."

Mwenye duka alikuwa ameuhifadhi. Niliupokea nikatoka mbio, na kwa haraka yangu nikaupita mlango wa kichochoro walikonisubiri. Mwenzangu akaniona nikipotea. Akapiga kelele kwa mapafu yake yote: "Oya! Msela! Msela!"

Mwizi kwa Kizulu ni isela. Hatukulijua hilo, Kizulu chetu kilikuwa cha salamu na nauli. Waliotuzunguka waliona mwanamume mgeni anakimbia na mkoba wa kike, na nyuma yake mtu anampigia yowe. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila siku ile mdomo ulikuwa wake na kichwa kikawa changu.

"Vimba!" mtu akapaza sauti. Kwao maana yake ni mzuieni. Kwetu ni vile mwili unavyokuwa baada ya kipigo, na mimi nilizipata maana zote mbili.

Mguu ulitokea sijui wapi, nikaanguka, mdomo ukatangulia kwenye ukingo wa barabara. Nilisikia meno yakivunjika kabla sijasikia maumivu. Kisha mateke, kreti ya soda, fimbo. Mwanamke mwenye gauni la kanisani alivua kiatu akanipiga nacho usoni, bila haraka, akilenga. Niliwachukia, na siombi radhi kwa hilo. Ningekuwa na kisu ningekitumia, nikianza na yule wa kiatu.

Mwenzangu alifika akilia. "Si mwizi! Msela wangu huyu! Jamani, msela! My msela!"

Kila alivyonitetea ndivyo alivyonishitaki. Niliona neno lile linawachochea, nikataka kumwambia anyamaze, taya halikufunguka. Wakazidisha. Mwishowe akaacha maneno, akajitupa juu yangu, akanifunika kichwa kwa mikono yake. Vipigo vikabadilika sauti. Sasa vilimwangukia yeye, nami nikavisikia kupitia mbavu zake. Mtu alileta kile chuma kirefu cha kuvutia chini mlango wa bati wa duka. Kilitua mara moja, na mikono yake ikalegea kichwani kwangu, akateleza pembeni.

Aliyewazuia ni yule bibi. Alikuja akiyumba, akaokota mkoba wake, akapiga magoti kwenye damu na kunikumbatia, akiwalilia kwa Kifaransa. Hawakuelewa hata neno moja, ila walielewa kwamba mwenye mali hamkumbatii mwizi wake. Umati ukaanza kutawanyika. Jamaa mmoja aliokota kofia yangu, akaikung'uta, akaniwekea kifuani.

"Eish, sori, my brother," akasema, akaenda zake sokoni.

Mhindi wetu wa ofisi alikuja kutupeleka hospitali kwa gari lake, akanieleza kwamba msela masikioni mwa Mzulu ni mwizi. Njia nzima mwenzangu alikoroma, damu ikimtoka sikioni. Alikufa kabla jua halijazama.

Nesi alinifuata kwenye benchi. Alikuwa mama wa Kizulu, mpole, na kando yetu wagonjwa na jamaa zao walikuwa wamebanana, wote wakisikiliza kama watu wanavyosikiliza hospitalini.

"Baba," aliniuliza kwa Kiingereza, "ndugu yako alikuwa anaitwa nani?"

Nilijua anapenda maharage yaliyoungua kidogo. Nilijua anaogopa mbwa. Nilifungua mdomo ule uliovimba, na jina pekee nililokuwa nalo lilikuwa lile. Nisingeweza kumwita hivyo pale, mbele ya watu wale, naye amelala chumba cha pili amefunikwa shuka.

Nikampa jina la baba yangu. Akaniomba nilirudie, nikalirudia polepole, na tukamzika nalo.