Sufuria Zilizosuguliwa kwa Majivu

Miaka ya sabini nilikuwa bwana afya, na hadi leo sufuria inayong'aa hunitia uchungu.

Huko Manga, kijiji cha mlimani, mtoto wa mke mkubwa alikuwa amekufa kwa kuhara na kutapika baada ya kula nyama iliyolala katika jiko la mke mdogo. Watu walishaamua kwamba ni sumu. Mimi nilishuku nyama yenyewe, kwa hiyo nikapanda mlima na chupa zangu nikachukue mabaki yapimwe mjini.

Nilikuta ua umefagiwa, sakafu imepakwa kinyesi kibichi cha ng'ombe, na sufuria zimesuguliwa kwa majivu. Mke mdogo alisikia mgeni wa serikali anakuja, akasafisha kama alivyofunzwa kwao. Mabaki yote alikuwa ameyatupa.

"Mnaona?" majirani wakanong'ona. "Ameficha."

Nilitamani kuwafokea wote. Badala yake, mke mdogo aliponiletea ugali na mboga, nilinawa, nikaketi mbele yao, nikala mpaka sahani ikabaki tupu. Hakuna mwingine aliyegusa chakula chake. Yeye alisimama mlangoni akinitazama nikitafuna.

Juma lililofuata nilirudi ili wanione nikiwa mzima. Jiko lake lilikuwa limebomolewa, naye amerudishwa kwao.

"Lakini mimi nilikula na sikuugua!" nikamwambia mama mkwe wake.

"Mwanangu," akajibu kwa upole, "wewe hukuwa mtoto wa mke mwenzake."