Nilivyomtafsiria Shangazi Filamu za Visu

Jumapili mchana, kabla sijaenda zamu ya jioni kwenye ghala la mizigo pale uwanja wa ndege, nilikuwa namtafsiria shangazi filamu. Tulipanga chumba cha chini ya nyumba ya watu huko Malton, ughaibuni. Filamu nilizopenda ni zile za muuaji mwenye kisu anayewamaliza vijana mmoja mmoja. Kiingereza changu cha kuokoteza, lakini shangazi alitaka nifanye kama watafsiri wa mabanda ya video kwetu Dar: nipaze sauti, nitie chumvi.

Naye hakuwa na huruma na wale vijana wa kwenye filamu. "We mjinga, washa taa! Haya, nenda hukohuko ukafe." Alishawasoma: wanaobusiana hawafiki mwisho. Anayebaki ni yule binti asiyehangaika na wavulana, aliyevaa jinzi na raba.

"Huyo kama wewe," aliniambia siku moja. "Huyo haguswi."

Nilicheka. Wale mabinti nilikuwa nawatazama kwa jicho ambalo sikulijua vizuri, na nadhani ndipo nilipoanza kujielewa. Sijui kama naeleza sawasawa.

Kisha ikaja filamu moja ambayo binti wa mwisho anampenda msichana mwenzake. Mwenzake akachomwa kisu. Binti akampakata, akamwambia wazi anampenda, akambusu mdomoni.

"Anamlilia dada yake," nikasema.

Shangazi aliacha kutazama runinga, akanitazama mimi. "Huku dada zao wanawabusu hivyo?"

"Ndivyo walivyo, shangazi."

"Mbona sauti imekwisha?" Akangoja. Alingoja kweli, kikombe mkononi. "Haya, mtafsiri. Endelea."

Nimtendee haki: sikuwahi kumsikia akiwasema vibaya watu kama mimi. Wala vizuri. Huenda angenifukuza, huenda angeniongezea chai. Baadaye alirudi Dar kuuguza goti, na huko akafariki. Kwenye simu, hadi mwisho, tuliongelea baridi tu.

Sasa naishi Brampton, mji wa jirani, na mwanamke ninayempenda. Filamu hizo anazitazama amejifunika blanketi. Ile ya wasichana wawili tukiiweka, tukafika pale pa busu, huwa natafsiri kwa sauti ya banda: "Ni mpenzi wake, shangazi. Mpenzi wake."

Mwenzangu hajui Kiswahili. Anadhani nasoma dua.