Pale Alipopaonyesha Baba

Wageni wakija Basotu kutaka kuona mambo ya kale, huletwa kwangu, eti kwa sababu najua kuongea. Nawaonyesha ziwa, maghala ya ngano ya shamba la serikali yaliyobaki kutu, na nyumba za wataalamu zisizo na milango tena. Kisha wanaulizia kaburi la babu yangu. Hapo ulimi huwa mzito.

Sisi ni wafugaji. Mzee wa heshima akifa, ukoo mzima humjengea kaburi la udongo, kilima kirefu kuliko mtu, kazi ya miezi. La babu lilionekana hata na mchungaji aliyekuwa malishoni mbali. Watoto wake walipaswa kwenda kulisalimia, kumwaga pombe ya asali na kumweleza habari za nyumbani. Kisha matrekta yakaja. Mti uliokuwa kando ya kaburi ukang'olewa, kilima kikasawazishwa, ikapandwa ngano. Baba alikwenda kulalamika, msimamizi wa shamba la serikali akamwambia anazuia maendeleo ya taifa. Maendeleo!

Mwaka mmoja mdogo wake babu alikuja kutoka pande za Dirma, mzee sana, kumsalimia kaka yake kabla na yeye hajaondoka duniani. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi alipofika ndipo tulipougua. Mama, kwa kutaka kumheshimu, alimpa chai na mkate wa dukani. Mzee akaugeuzageuza mkononi, akauliza ngano yake imelimwa wapi. Baba akageuza macho upande wa shamba lile. Akauweka chini taratibu, akamshukuru mama, akanywa chai kavu.

Baadaye tukaenda shambani, mimi binti mdogo nimebeba kibuyu cha pombe. Ngano ilinifika kifuani, na kila upande ulifanana na mwingine. Baba alitembea, akarudi, akakata kushoto, akarudi tena. Jasho lilimtoka na jua lilikuwa halijakaza. Mtoto wa kwanza wa kiume asiyejua baba yake amelala wapi! Kwetu hakuna aibu inayopita hiyo, nami niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama mgongo. Mwishowe akasimama tu, mahali popote.

"Ni hapa, baba mdogo," akasema.

Mzee alikuwa amelijenga kaburi lile kwa mikono yake. Aliutazama mlima Hanang, akageuka akalitazama ziwa, na uso wake ukanionyesha wazi kwamba si hapo. Kisha akapokea kibuyu, akamwaga pombe pale pale, akaongea na kaka yake kwa muda mrefu, habari za ng'ombe, za mvua, za wajukuu waliozaliwa. Wakati wa kurudi hakuna aliyemtazama mwenzake.

Baba hakulitaja jambo lile tena. Shamba likafa, kipande kile cha ardhi kikarudi kijijini, naye akashikwa na ugonjwa wake wa mwisho. Ndugu walikuwa wameshamchagulia mahali pazuri karibu na boma, penye kivuli. Akakataa.

"Nizikeni pale nilipomwonyesha baba mdogo," alituambia. "Angalau pawe na mtu."

Tukamzika pale. Wageni wakiulizia kaburi la babu, pale ndipo ninapowapeleka.