Donge la Manjano

Leo jirani anapika kitu chenye samli na iliki, na mkono wangu umekwenda puani kabla sijautuma.

Hekalu la Wahindi nyuma ya mtaa wetu lilijengwa na mafundi wa reli, wazee walisema. Sisi watoto tulijua zaidi: yule mungu wa mlangoni mwenye kichwa cha tembo alikuwa mtoto wa mtaa wa Baba Dogo aliyekula kitamutamu cha pale.

Siku moja mzee wa hekalu aliniwekea donge la manjano kiganjani. Nilikuwa na njaa ya kumaliza kioski kizima. Nikauma.

“Umemeza?” dada yangu akauliza, macho yamemtoka.

“Kidogo tu.”

“Ngai! Umekwisha, wewe. Mkonga unaanza jioni.”

Tukakaa ngazini kuingoja jioni. Nilipapasa pua mara elfu kumi, na kila mara ilikuwa imerefuka. Mama akirudi kutoka kazini Industrial Area, angenitambuaje? Nikaanza kulia.

Dada akanitazama. Kisha akanipokonya nusu iliyobaki, akaitia yote mdomoni, akaitafuna huku machozi yakimtiririka.

“Sogea,” akasema, akinishika pua. “Na wewe shika yangu. Ikianza, useme.”