Steinunn na Akina Einar Einarsson

Steinunn anauza tiketi kwenye bwawa la kuogelea la mji wetu, na namwambia usoni kwamba kaskazini yote ya Aisilandi hakuna mwanamke mwenye haraka kama yeye. Kahawa huinywa kabla haijamaliza kuchujika. Alimzika mumewe yeye angali kijana, na tangu hapo amesugua vigae, amepiga filimbi, na kuwarudisha mlangoni wanaotaka kuingia majini bila kuoga, awe mvuvi au mbunge.

Juzi Einar fundi meli, mjane mwenzake, alimchumbia. Alimchumbia ndani ya dimbwi la maji moto, mbele yetu sote, theluji ikimwangukia upaani.

"Steinunn, kesho nauza nyumba. Saa kumi na mbili jioni natia saini kwa dalali kule ng'ambo ya mlima, halafu nahamia Reykjavik kwa binti yangu. Ila ukikubali tuoane, siuzi."

"Ngoja nifikirie," alisema yule asiyewahi kufikiria jambo lolote. "Nitakupigia."

Kesho yake mchana nilikuwa majini peke yangu, nimefumba macho, raha tupu, mara nikasikia viatu vikikimbia juu ya barafu.

"Hulda! Toka humo! Simu imekula watu!"

"Umeshaamua?"

"Nimeamua tangu jana! Toka!"

Nikatoka na taulo langu hadi ofisini. Kumbe Steinunn alikuwa na simu mpya, na asubuhi ile aliiunganisha na kompyuta ya ofisi ili ihamishiwe majina yake. Kompyuta ikamuuliza: kuna majina yamejirudia, niyaunganishe? Mtu mwingine angesoma kwanza. Yeye alibonyeza.

Sasa sisi hapa mtu hubeba jina la baba yake, na akina Einar wa mji huu hawachoki kuzaa akina Einar. Tunao Einar Einarsson, yaani Einar mwana wa Einar, wanne, na tunawatofautisha kwa kazi walizojiandikia wenyewe katika kitabu cha simu: fundi meli, mfugaji kondoo, mpiga kinanda, na mmoja aliyejiandika "adui wa upepo". Kompyuta haikujali. Iliwafanya mtu mmoja mwenye nambari nne, kazi yake kufuga, na picha yake kondoo dume.

"Mungu wangu," Steinunn akasema, "mchumba ana pembe!"

Nilicheka hadi taulo likanidondoka. Tukaanza kazi. Tukafuta nambari moja kwenye simu, kompyuta ikairudisha. Tukaifuta kwenye kompyuta, simu ikairudisha. Vikabaki vinarudishiana kama majirani wanaogombania kulipa kahawa. Mwishowe nikagundua kwamba simu ilikuwa inasoma akaunti mbili, ile ya zamani na ya ofisi, na kila moja ilidhani ndiyo yenye ukweli. Tukazima usawazishaji kote kuwili, tukaiondoa ile ya zamani, kisha tukabonyeza "tenganisha".

Wakatoka akina Einar wanne, kila mmoja na nambari yake. Lakini kazi zao zilikuwa zimepotea. Wote wanne walikuwa wafugaji kondoo.

"Piga moja moja, uulize," nikamwambia.

"Nikiuliza nitaishiwa ujasiri."

Akapiga ya kwanza. Kwetu mtu hupokea simu kwa kutaja jina lake.

"Einar," ilisema sauti.

"Ndiyo! Nimekubali! Usiuze!" Steinunn akapiga kelele.

Sauti ikajibu: "Mama, mimi sina cha kuuza ila kondoo."

Ya pili alikuwa mpiga kinanda, akashukuru sana na kuuliza kama mkewe anajua. Ya tatu ni adui wa upepo, naye akasema yuko tayari hata leo, amekaa peke yake mno. Kufika hapo mimi nilikuwa nimelala sakafuni, mbavu zinauma.

Ya nne haikuita. Nambari hii haitumiki, ikasema. Akaunti ya zamani ilikuwa imeifunika nambari mpya ya fundi meli kwa ile aliyoiacha kitambo, na kitabu cha simu nacho bado kilikuwa na ile ya kale.

Kicheko kikanikauka. Steinunn alikaa kwenye kiti cha tiketi, akaitazama saa ya ukutani. Saa kumi na mbili ilifika, ikapita. Wateja wakaingia, akawapa chenji polepole. Sijawahi kumwona Steinunn ametulia, na sikupenda hata kidogo.

Karibu na kufunga, sote wa kila siku tukiwa ndani ya maji, mlango ukafunguka. Einar fundi meli, na koti, na buti, na theluji hadi kwenye nyusi.

"Viatu!" Steinunn akafoka kwa mazoea, kisha akashika mdomo.

"Nilikuwa nimeshika kalamu," Einar akasema, "simu ya dalali ikalia. Einar wa kondoo. Wiki nzima dalali amekuwa akimpigia yeye kwa makosa, ndiyo maana anayo nambari ya dalali. Akaniambia, 'Kuna mwanamke amenikubali, nadhani ni wako.' Nikaiacha kalamu bila kutia saini, na njiani nikasimamishwa na Einar wa kinanda, ananipa hongera. Na adui wa upepo anasema ukighairi, yeye yupo."

Ndivyo walivyo wale wanne. Maisha yao yote wamekuwa wakipelekeana barua, simu na wadai.

"Basi wote wameshasikia," Einar akasema. "Nimebaki mimi."

Steinunn akainuka kitini. Yule aliyewakubali wanaume watatu kwa mkupuo alisimama pale mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Ndiyo!" tukamjibia kwa pamoja, tukiwa majini.

"Nyamazeni nyie!" akatugeukia. "Hii ni yangu!"

Akamsogelea Einar, aliyesimama na buti chafu juu ya vigae alivyovisugua yeye, akamnong'oneza. Hatukusikia neno, ila tuliona masikio ya Einar yakiiva. Na hakumwambia avue buti.