Kamba ya Mukoba wa Muzee

Wanasema mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Aliyesema hivyo hakujenga Goma. Hapa kwetu ukipiga jembe chini linakurushia cheche usoni, sababu parsele nzima, kiwanja chote cha nyumba, ni mawe ya volkano. Sasa baba mukwe wangu, muzee Havugimana, mulimaji tangu utoto wake, vita vilipomushusha kutoka Masisi mpaka kwetu, ningemupa jembe alime nini?

Alikuja na mukoba mumoja tu, umefungwa kwa kamba ndefu ya mukonge, imezungushwa mara nyingi. Akautundika kwenye musumari karibu na mulango. Akihitaji shati analichomoa, likichafuka analifua mwenyewe, likikauka analirudisha mukobani na kukaza kamba. Nilimwambia, "Papa, etajeri iko, ile rafu ya nguo, tupange vitu vyako."

"Acha tu, mama Bénita," akajibu. "Mimi niko njiani."

Bénita ni binti yetu, bado namubeba mugongoni. Na hiyo njia ya muzee ilikuwa ya kurudi kwenye kilima chake, kwenye shamba na kaburi la mama mukwe, wakati watu walikuwa bado wanauawa kwenye barabara ile. Honoré, bwana yangu, anapakia maboti bandarini. Alimubembeleza baba yake mpaka akachoka. Kila Jumapili tukitoka misa, muzee anatafuta watu wa Masisi, anawauliza kama barabara imetulia. Mimi nikawa naamka nikiangalia musumari kwanza, kabla ya kuwasha makala ya kupikia.

Mimi ni mutu wa Bukavu, nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na Honoré anasema mudomo wangu hauna breki. Lakini kwa baba mukwe mudomo unafungwa, ndiyo heshima. Muzee anakaa kwenye kiti chake nje, ukutani, pale jua la asubuhi linapopiga. Mikono mikubwa vile, imelala tu kwenye magoti. Sahani yake ya bugali inarudi nusu. Roho iliniuma, sikuficha, nilikuwa nalia jikoni nikisingizia moshi.

Bon, nikachoka kununua mboga za lengalenga kila siku. Nikaleta magunia machache ya udongo, nikayamwaga kando ya kiti cha muzee, sababu jua liko pale, nikazungushia mawe. Lengalenga yangu kuku wa jirani wakaimaliza ikiwa bado changa. Kwa hasira nikachota maharagwe ya kupika, nikayafukia. Muzee aliangalia tu.

Yakaota, nikajisifu mutaa muzima. Kisha yakaanza mambo yao. Badala ya kusimama kama maharagwe ya watu, yakajinyoosha membamba kama uzi, yakalala chini, moja likakamata muguu wa kiti cha muzee na kuuzunguka. Nikajua ni ugonjwa. Jioni moja nikainama niyang'oe yote.

"Acha."

Nikageuka. Muzee alikuwa ameegemea mbele.

"Yanagonjwa, papa."

"Hayagonjwi. Yanatafuta muti."

Akasimama polepole, bila kusogeza kiti, akachuchumaa mbele ya ule muguu, akakaa hapo akiangalia. Kisha akaingia ndani kulala.

Asubuhi kiti kiko, haragwe liko, muzee hayuko. Na musumari mutupu.

Niliacha beseni la sambaza katikati ya nyumba, nikafunga Bénita mugongoni, nikakimbia mpaka kwenye barabara ya Sake, ile inayopanda Masisi. Kila mutu wa moto anayepita na pikipiki yake namuuliza: hamukuona muzee mwenye kofia ya kijivu, na mukoba? Hakuna. Nikamupigia Honoré, akaacha kazi, akapanda kumutafuta mbele zaidi. Nililia pale barabarani mbele ya watu, na sikuona haya.

Saa sita nikarudi nyumbani niangalie kama amerudi. Nani huyo anatokea upande mwingine kabisa, upande wa Kibati? Muzee wangu, mukoba begani, anasukuma chukudu pamoja na mwenye nayo, ile baiskeli ya mbao inainama kwa muzigo wa miti mirefu.

Hapo breki zikakatika.

"Papa, ulienda wapi? Unajua nimekimbia mpaka wapi? Honoré yuko barabarani anakutafuta, sambaza yangu paka wamekula. Kama unataka kufa kwenye ile njia, utuambie, tuanze kukulilia ukiwa bado hapa, utusikie!"

Nikajiziba mudomo. Mama yangu angesikia, angenituma na kuku wa kuomba musamaha. Muzee alisimama, midomo inatetemeka. Nilidhani ni hasira, kumbe mutu anacheka.

"Sambaza yote?"

"Yote, papa."

"Pole. Mupigie Honoré, arudi." Akapiga ule muzigo kofi. "Maharagwe uliyopanda ni ya kupanda juu, kama ya kwetu. Hayalali chini."

Ndipo nikaona kilichofunga ile miti. Ilikuwa kamba ya mukonge ya mukoba wake. Akaifungua, akachukua kisu, akaikata vipande vipande. Ile kamba. Tukasimamisha miti moja moja, tukaibana kwa mawe, yeye anafunga, mimi nashika. "Usikaze hivyo, mama, utalinyonga," ananiambia. Tulipofika kwenye kiti nikataka kulifungua lile haragwe, nilipeleke kwenye muti kama mengine. Akanishika mukono.

"Liache. Hilo limekwisha kuchagua. Mimi nitakaa pengine, kama nikipata nafasi ya kukaa."

Tulipomaliza, kamba ilikuwa imeisha, haikubaki hata kipande cha kufungia mukungu wa ndizi. Muzee akanawa, akaingia ndani. Akaniita akiwa karibu na kitanda chake.

"Mama Bénita."

"Karamé, papa," nikaitikia.

"Nguo zangu, ulisema niziweke wapi?"

Nikaingia. Mukoba ulikuwa kitandani, mudomo wazi, na mashati yake yako mukononi mwake. Nikatoa vitenge vyangu kwenye etajeri, hata vile vya harusi, nikavisukuma vyote chini ya kitanda.

"Hapa, papa."